Hita Isiyotoa Joto: Majibu kwa Wenye Magari ya Zamani

Tangu baridi ya Juni ianze kushuka katika Nyanda za Juu Kusini, maswali mengi niliyoletewa yanahusu hita za magari ya zamani zinazotoa hewa ya uvuguvugu. Kabla ya kuyajibu, inafaa kukumbuka kwamba katika magari mengi tuliyoyazoea hita haina moto wake yenyewe. Maji ya moto kutoka kwenye injini hupitishwa katika rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na feni hupuliza hewa katikati ya mapezi yake hadi ndani ya gari. Kwa hiyo hita inapodhoofika, mara nyingi ni mfumo mzima wa kupozea injini unaoomba kuangaliwa.

Nina Toyota Corolla ya miaka ya 1990. Asubuhi hapa Njombe ninaendesha mwendo mrefu kabla hita haijatoa joto, na geji ya joto haifiki katikati. Fundi anasema themostati ilikwishatolewa na kwamba nchi zetu haziihitaji. Je, ni kweli? (Msomaji, Njombe)

Si kweli, na ningependa kauli hiyo iachwe kabisa katika gereji zetu. Themostati hufunga njia ya kwenda rejeta kubwa, ile inayopoza maji ya injini, wakati injini ni ya baridi, kisha huanza kufunguka maji yanapofikia joto lililopangwa, ambalo kwa injini nyingi za Toyota ni karibu nyuzi 82 za Selsiasi. Ikitolewa, maji huzunguka kwenye rejeta kubwa tangu unapowasha gari, na kwa baridi ya Njombe injini inaweza kukamilisha safari fupi bila kupata joto lake. Hita nayo haiwezi kukupa joto ambalo injini haina.

Hasara haiishii kwenye hita. Kihisio cha joto huendelea kuuarifu mtambo unaosimamia injini kwamba injini bado ni ya baridi, nao huendelea kuongeza petroli. Unyevu unaoingia kwenye oili haupati joto la kuukausha, na vyuma husagika haraka kuliko inavyopaswa. Tena katika baadhi ya injini themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji, hivyo ukiitoa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari huweza kuchemsha mlimani licha ya kuwa baridi kwenye tambarare.

Kwa kawaida huondolewa kwa sababu gari lilikuwa linachemsha. Basi itafutwe sababu ya kuchemsha: rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, au mfuniko wa rejeta uliolegea. Mfuniko huo una uzito wa pekee kwenu, kwa kuwa kwenye mwinuko wa takribani mita 2,000 maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 93, na ni shinikizo linaloshikiliwa na mfuniko ndilo linalokipandisha kiwango hicho. Nunua themostati mpya, na kabla ya kuifunga mwombe fundi aitie kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto ili mwone kwa macho yenu kama inafunguka. Wakati wa kuifunga, kile kipini kidogo cha kupitishia hewa kielekezwe juu.

Nitajuaje tatizo liko wapi bila kubomoa dashibodi? (Msomaji, Limuru)

Tumia mkono wako, kwa uangalifu. Washa injini hadi ipate joto, weka kitasa cha hita kwenye joto la mwisho, kisha zima injini na uguse mipira miwili ya maji inayoingia kwenye ukuta ulio kati ya injini na kabini. Ikiwa yote miwili ni ya moto, maji yanafika vizuri na kasoro iko upande wa hewa: kebo iliyokatika au kutoka mahali pake, mlango mdogo wa kuchanganya hewa uliokwama, au chujio la hewa ya kabini, kwa magari yaliyo nalo, lililojaa vumbi.

Ikiwa mmoja ni wa moto na mwingine ni wa baridi, maji hayapiti. Angalia kwanza vali ya hita, ambayo katika magari mengi ya enzi hizo huvutwa kwa kebo na hukwama kwa kutu, kwa kuwa wengi wetu tunaishi miaka bila kuigusa. Vali ikiwa nzima, rejeta ndogo imeziba. Fungua mipira yote miwili injini ikiwa imepoa, ingiza maji safi ya mpira wa bustani kupitia upande wa kutokea, na uendelee mpaka yatoke meupe. Msukumo uwe mdogo, maana bati la rejeta hiyo ni jembamba, na mashine ya kuoshea magari inaweza kulipasua.

Mipira yote ikiwa vuguvugu, rudia jibu la msomaji wa Njombe, au pima kiwango cha maji.

Hita hutoa joto nikiwa mwendoni, lakini nikisimama hupoa. (Msomaji, Mafinga)

Maji yamepungua, hewa imenaswa ndani, au pampu ya maji imechoka. Injini ikiwa imepoa kabisa, egesha gari pua ikiwa juu, fungua mfuniko wa rejeta, weka hita kwenye joto la mwisho, kisha washa injini na ujaze kidogo kidogo mpaka mapovu yakome. Yasipokoma, na maji yakiendelea kupungua bila kuvuja popote, omba fundi apime gasketi ya silinda hedi (kizibo kilicho kati ya bloku ya injini na kichwa chake) kabla hujaendelea na safari. Usifungue mfuniko huo kamwe injini ikiwa ya moto.

Kioo cha mbele hupata utando wa mafuta kwa ndani, kuna harufu tamu, na zulia la abiria limelowa. Fundi anataka kuiunganisha mipira ili hita irukwe. (Msomaji, Nyahururu)

Rejeta ya hita inavuja kulanti, yaani ile dawa ya kuzuia kuganda inayochanganywa na maji ya injini. Kuiruka kutakufikisha nyumbani, lakini utabaki bila hewa ya moto ya kuondoa ukungu kwenye kioo, na kwa barabara zenu za alfajiri hilo ni suala la uhai. Badilisha rejeta hiyo, hata kama kazi ya kushusha dashibodi ni ndefu. Kulanti iliyomwagika ifutwe mara moja, kwa kuwa kulanti nyingi zina sumu na utamu wake huwavuta watoto na mbwa.

Nimehamia Minneapolis, nimenunua gari kuukuu, na hita ikipoa naongeza maji ya bomba kama nilivyozoea Dar es Salaam. (Msomaji, Marekani)

Acha leo hii. Maji matupu yakiganda hutanuka na huweza kupasua rejeta na hata bloku ya injini. Mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji yaliyochujwa madini hustahimili baridi ya hadi nyuzi 37 chini ya sifuri. Gereji ikupimie nguvu ya kulanti uliyo nayo, kisha mtafute inapovujia.

Feni ya hita hufanya kazi kwenye namba ya mwisho tu. (Msomaji, Makambako)

Rezista ya feni, kifaa kinachopunguza umeme ili feni izunguke polepole kwenye namba za chini, imeungua. Katika magari mengi iko karibu na feni, upande wa abiria, chini ya dashibodi, na hubadilishwa bila kugusa maji. Kagua pia soketi yake: plastiki ikiwa imeyeyuka, huenda feni yenyewe inavuta umeme mwingi kupita kiasi, na ikiwa hivyo rezista mpya itaungua vilevile.