Kwa nyie mliochukua kasuku juzi: acheni kumwambia "sema mambo"

Jana kijana mmoja, namwita mdogo wangu ingawa hatuna undugu, kanitumia video ya dakika nne. Kashika simu, uso kaugandisha kwenye kizimba, "Sema mambo. Sema mambo. Mambo! Haya sema mambo", na kasuku wake wa kijivu, mtoto wa miezi mitano, kajibana kona ya nyuma, manyoya yamelala yamebana mwili, mboni zinapanuka zinasinyaa kama taa yenye waya mbovu. Mwishoni ananiuliza, "Kaka, huyu si bubu kweli?" Hii ni video ya tatu mwezi huu kutoka kwa watu watatu tofauti, na mnanichosha jamani, ila zote tatu zingeweza kuwa zangu mimi wa miaka tisa iliyopita, ndo maana nimeamua niandike mara moja niwe nawatumia hii badala ya kurekodi voisi za dakika kumi na mbili huku chai inapoa.

Bubu wapi. Mtoto wa watu alikuwa anaongea video nzima, anasema toa hilo lidude usoni kwangu la sivyo nang'ata. Haya tuanze.

1. Umri. Kijivu wengi wanaanza kutoa neno la kueleweka wakiwa na mwaka mmoja kwenda mwaka na nusu. Baji, wale kasuku wadogo wa rangi rangi, dume lake linaweza kuanza na miezi mitatu minne tu, na baji hawa hawa mnaowadharau kwa udogo, mmoja aliitwa Puck, wa kule California, aliingia kwenye rekodi za Guinness kwa maneno 1,728. Baji jike anaweza asiseme kitu maisha yake yote na akawa ndege mzuri tu. Na kama ni kijivu usijidanganye unajua dume au jike kwa kuangalia, peleka unyoya ukapimwe DNA. Mimi wangu nilimwita Mjomba, kifua mbele, sauti nzito, nikawa nawasimulia watu habari za Mjomba dume langu, miaka miwili baadaye kipimo kikarudi: jike. Jina limebaki. Mjomba ameshataga.

2. Rekodi. Najua mmeshaiweka. Simu pembeni ya kizimba, sauti yako inajirudia "mambo, mambo, mambo" saa nne mfululizo wewe ukiwa kazini. Nilifanya hivyo miezi mitano, na kitu pekee Mjomba alichokipata ni mlio wa maikrowevu, ambao wala sikuurekodi. Irene Pepperberg, yule mwanasayansi wa Marekani aliyekuwa na kasuku wa kijivu aitwaye Alex, alijaribu kuwafundisha kijivu wachanga kwa kanda na kwa video, wakatoka patupu kulinganisha na waliofundishwa na watu waliokaa nao. Njia iliyofanya kazi kwa Alex ilikuwa ya watu wawili: mmoja anauliza hiki nini, mwingine anajibu, akipatia anapewa kitu chenyewe, akikosea kinaondolewa, na kasuku anakaa hapo anaangalia kwa wivu. Wivu ndo mwalimu. Alex alinunuliwa 1977 dukani huko Chicago, ndege wa kawaida kabisa, na mpaka anakufa 2007 alikuwa anataja rangi, maumbo, vitu kama hamsini hivi, anahesabu mpaka sita, na akiomba ndizi ukampa karanga anakukodolea macho, anaomba ndizi tena, au anakutupia karanga yako.

Sasa fikiria "mambo" yako. Mambo inajibiwa poa. Huyo ndege tangu azaliwe hajawahi kusikia mtu akisema mambo mwingine akamjibu poa, anasikia tu mtu mzima anamkaripia neno lile lile usoni. Chukua mtu wa pili nyumbani, salimianeni mbele yake, chekeni, kila mnapoingia na kutoka. Vinginevyo atakachoshika ni "sema mambo" nzima nzima kama ilivyo, na itakustahili.

3. Hii ndo iliyonifanya niandike, na sijawahi kuisema yote.

Mjomba alikuwa na mluzi. Noti mbili, moja inapanda moja inashuka, fiii-uu. Kila nikitoka chumba alichopo anaupiga. Naenda bafuni, fiii-uu. Naenda kufungua mlango, fiii-uu. Mimi kichwani nilikuwa nasubiri MANENO, nilishawaahidi watu maneno, kwa hiyo mluzi niliuona kama kelele za ndege tu na nikaupuuza. Basi akaongeza sauti. Nikapuuza. Akaja kwenye ule ukelele, nyie wenye kijivu mnaujua, ule unaopita kwenye jino bovu, hapo sasa nikawa natoka mbio huko niliko, nakohoa kidogo kama ninavyokohoaga nikitaka kufoka, "NYAMAZA!", na shuka juu ya kizimba, giza, nusu saa, wakati mwingine saa nzima nikisahau.

Hesabu upande wake. Kaita kistaarabu, hakujibiwa. Kaita tena, hakujibiwa. Kapiga ukelele, mtu kaja mbio, macho yamemtoka, sauti juu, mikono hewani, onyesho zima. Nani hapo alikuwa anamfundisha nani? Nilikuwa namlipa kwa ukelele kila siku, kwa bidii, na shuka nikimwekea kama adhabu bila yeye kujua ni adhabu ya nini.

Akiwa na miezi kumi na nne hivi niko kwenye kikao cha simu chumba cha pili, nikasikia mtu anakohoa kidogo, kikohozi changu kabisa, halafu sauti yangu mimi, "NYAMAZA!" Neno lake la kwanza. Nilicheka mpaka nikazima maiki, nikaenda kumpa mbegu za alizeti, nikamrekodi, nikawatumia watu wote. Kwa wiki nzima ilikuwa kichekesho cha nyumba. Sikuona kwamba kila akisema hivyo alikuwa ananyamaza, anainamisha kichwa upande, anasubiri. Alikuwa ameshajua kwamba hilo ndo neno la kunileta.

Halafu asubuhi moja natoa shuka, sakafu ya kizimba ina manyoya. Yale madogo ya kijivu ya kifuani, mengi, na mengine yameng'atwa nusu. Kifuani upande wa kushoto pana upara wa ukubwa wa kifuniko cha chupa, ngozi nyekundu. Nikadhani wadudu. Nikadhani ukurutu. Nikampeleka kwa daktari wa ndege nikiwa na orodha ya magonjwa niliyoyasoma usiku, daktari akampima damu, akaangalia kinyesi, hamna kitu, akaniuliza swali moja: "Akikuita, unamjibu?" Nikamwambia dokta huyu bado hajaanza kuongea vizuri, anajua neno moja tu. Akatoka nje ya chumba akaacha mlango wazi. Mjomba akapiga fiii-uu. Na yule daktari, mtu mzima, koti jeupe, akapiga fiii-uu kutoka kwenye korido. Mjomba akajikung'uta manyoya yote kuanzia kichwani mpaka mkiani, akatulia, akaanza kusaga mdomo kama anayetaka kulala.

Nilitamani ardhi ipasuke. Miezi tisa alikuwa ananiuliza uko wapi, na jibu lake lilikuwa mluzi wa sekunde moja.

Porini ndivyo wanavyoishi, kundi likitawanyika kwenye miti wanaitana, upo? nipo. Kuna kasuku wadogo wa kijani kule Venezuela watafiti waliwafuatilia kwenye viota wakakuta kila kinda ana mwito wake kama jina, na anaupata kutoka kwa wazazi wanaomlea. Sasa chukua kiumbe wa namna hiyo, muweke peke yake sebuleni, aite, usijibu. Na kwetu mtoto akijibu mtihani bila kuelewa tunamwambia umekariri kama kasuku! Mimi ndo nilikuwa nakariri.

Nilianza kujibu kila mluzi, hata nikiwa na mswaki mdomoni. Ukelele nilikausha kabisa, sigeuki, siongei, nasubiri sekunde chache za ukimya ndo narudi. Onyo: siku za mwanzo ulizidi, ulizidi sana, wengi mnakata tamaa hapo hapo na mkikata tamaa mmemfundisha kwamba akaze zaidi. Mimi ilichukua wiki kama sita. Shuka nikaliacha kwa ajili ya kulala tu. Manyoya yalirudi taratibu, ila ule upara wa kushoto haukujaa wote, mpaka leo akinyoosha bawa unauona, na huwa nauangalia.

4. Vya haraka haraka. Neno liende na kitu: "maji" unapoweka maji, "panda" anapopanda mkononi, "narudi" unapotoka na urudi kweli. Dakika kumi mara tatu kwa siku zinashinda saa nzima. Kila usiku alale kwa muda wa saa kumi mpaka kumi na mbili, sio wewe unaangalia mpira saa sita usiku yeye anasinzia kwenye kijiti. Sufuria zisizogandisha chakula zikipata moto kupita kiasi moshi wake unaua ndege kwa dakika, parachichi na chokoleti hapana. Na nyaraka zake za ununuzi zikague, tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kijivu waliokamatwa porini imepigwa marufuku.

5. Matusi. Neno linalosemwa kwa hisia ndilo linaloingia haraka, ndo maana "mambo" ya kinyonge haishiki na tusi la kujigonga kidole linashika kwa mara moja. Na usicheke. Mwaka 2020 kituo kimoja cha wanyama Uingereza, Lincolnshire, kilipokea kijivu watano kwa mpigo, wakawekwa karantini pamoja, wakatukana, wafanyakazi wakacheka, wakazidi kutukana, mpaka ikabidi watenganishwe. Cheko ni malipo, sawa na mbegu.

6. Soma mwili kabla ya sikio. Mboni zikicheza ana msisimko, unaweza kuwa wa furaha au wa kukung'ata, angalia manyoya. Yamebana mwili na shingo imerefuka, rudi nyuma. Yamefumuka ya kisogoni na kichwa kimeinama, mkune. Hii yote mdogo wangu niliyemtaja juu nilimweleza kwa mdomo leo mchana alipopita hapa, akaitikia kila kitu, ndiyo kaka, nimeelewa kaka, kisha akasogea kwenye kizimba, akatoa simu, akainama, "Mjomba! Sema mambo!"

Mjomba akamwangalia kwa jicho moja. Akakohoa kidogo.