Msimkalishe Mzee: Mazoezi ya Nyumbani kwa Wazazi Wetu wa Tanga

Nyumba nyingi ninazoingia hapa Tanga, kuanzia Ngamiani mpaka Sahare, mzee amedhoofishwa na mapenzi. Mama akifika miaka sabini watoto wanaamua sasa apumzike. Maji anachotewa, nazi anakuniwa, chakula analetewa pale pale alipo. Ananunuliwa kochi laini la kuzama, anapewa rimoti, na kila mgeni anaambiwa kwa fahari kwamba mama siku hizi hafanyi kitu. Baada ya mwaka au miwili napigiwa simu: mama hawezi kunyanyuka, akiingia chooni lazima ashikwe, njoo umfanyishe mazoezi.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Nilisomea fiziotherapia, na sasa nazunguka majumbani kuwafanyisha wazee mazoezi, wengi wao akina mama kwa kuwa mimi mwanamke na naweza kuingia hadi uani. Ninachotaka kuwaambia watoto na wajukuu ni hiki: umri unapunguza nguvu kweli, lakini sehemu kubwa ya udhaifu mnaouona imeletwa na kukaa. Na nguvu iliyopotea kwa kukaa hurudi mzee akipewa tena kazi ya kufanya.

Sisemi hivi kuwapa moyo tu. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambao watu wenye afya njema, wastani wa miaka 67, walilala kitandani siku 10 mfululizo. Walipoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Sasa mfikirie babu wa Makorora aliyelazwa kwa homa ya mapafu, amerudi nyumbani, na familia nzima inamwambia asitoke kitandani mpaka mwezi uishe. Upande wa pili, mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya Boston na wakazi 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, watu dhaifu wenye wastani wa miaka 90. Waliwafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu, uzito wa kweli, kwa majuma 8. Nguvu za mapaja zikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kila ninapoambiwa "huyu umri umeshakwenda" nawakumbuka hao wa miaka tisini.

Anzeni na kiti. Si kochi, kiti cha kulia chakula chenye mgongo, kisicho na magurudumu, kimeegemezwa ukutani kisiteleze. Mzee akae katikati, mikono aikunje kifuani, halafu asimame wima na kukaa tena, mara nyingi awezavyo ndani ya sekunde 30. Mmoja wenu ahesabu kwa simu, mwingine asimame ubavuni tayari kumdaka. Bibi wa miaka 70 hadi 79 akishindwa kufika mara 10, miguu yake iko chini ya wastani na hatari ya kuanguka imepanda. Kwa wanaume wa miaka 70 hadi 74 mpaka ni mara 12, na wa 75 hadi 79 ni 11. Asiyeweza kabisa bila kushika kiti, hesabu yake ni sifuri, na hapo ndipo pa kuanzia. Andikeni namba hiyo na tarehe kwenye daftari.

Kipimo hicho hicho ndicho zoezi. Kwa aliye dhaifu naweka mto mgumu au godoro dogo lililokunjwa juu ya kiti, maana kiti kikiwa juu kunyanyuka ni kwepesi. Miguu airudishe nyuma kidogo, visigino viingie chini ya magoti, ainamishe kifua mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, ndipo asukume. Wengi wanaoshindwa wanajaribu kunyanyuka na mgongo ukiwa umenyooka, na hapo hata kijana atahangaika. Wakati wa kupanda atoe pumzi. Asiibane, kwa sababu kubana pumzi kunapandisha presha ghafla. Kushuka ndiko kwenye faida kubwa, kwa hiyo asijiangushe: ashuke taratibu huku anahesabu moja, mbili, tatu. Mara nane, apumzike, mara nane tena. Kesho yake aache, kesho kutwa arudie. Ikishakuwa rahisi toeni mto. Ikiwa rahisi tena, ahamie kwenye baraza ya nje kama ni fupi kuliko kiti, au akumbatie mfuko wa mchele wa kilo moja, baadaye kilo mbili.

Hapo kwenye kuongeza ndipo familia nyingi zinapokwama. Mzee anafanyishwa vilevile miezi sita, mikono juu mikono chini, kisha wanasema mazoezi hayasaidii. Misuli inakua ikidaiwa zaidi ya ilivyozoea. Zile mara mbili za mwisho zinatakiwa ziwe ngumu. Akimaliza huku anapiga soga kuhusu harusi ya jirani, ongezeni.

Kuna jambo ninalolipenda mno katika kazi hii. Huwa namwuliza mzee mwenyewe, si watoto, anataka miguu imrudishie nini. Wengine wanataka kwenda soko la Mgandini wakachague samaki wao. Babu mmoja alitaka kufika msikitini kwa miguu yake. Na bibi mmoja wa Chumbageni aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ana miaka anaswali kwenye kiti, na angependa kusujudu tena juu ya msala. Magoti yake hayakuwa mabovu sana. Hakuwa na nguvu ya kunyanyuka kutoka chini. Tulianza na kiti, tukashuka kwenye kigoda, kisha tukajifunza njia ya sakafu: kugeuka ubavu, kujiinua kwa kiwiko, kupiga magoti na mikono chini, kutambaa hadi kwenye kiti kilicho karibu, kuweka viganja juu yake, kutanguliza mguu wenye nguvu na kusukuma. Ilichukua miezi. Siku aliposujudu aliniombea dua ndefu, na mimi nililia mbele ya wajukuu zake. Si kila goti litakubali, na aliyeambiwa na daktari asipige magoti aswali kwenye kiti bila unyonge wowote. Lakini njia ile ya kunyanyuka kutoka chini mfundisheni kila mzee ambaye viungo vinamruhusu, kwa sababu akianguka peke yake mchana nyumbani, mkiwa wote kazini, ndiyo itakayomwinua.

Mizani ya mwili, yaani kusimama bila kuyumba, nayo ina mazoezi yake. Dirisha lenye nondo ni kifaa kizuri kuliko vingi vya kununua. Mzee ashike nondo, aweke kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine, mstari mmoja, kisha alegeze mikono kidogo kidogo. Akishindwa kudumu hivyo sekunde 10 bila kushika, hapo pana kazi. Baadaye asimame kwa mguu mmoja, mikono ikiwa karibu na nondo muda wote.

Kutembea ni kuzuri, na mji wetu ni tambarare, umewazoesha watu miguu na baiskeli. Kutoka alfajiri kabla jua halijawa kali, au baada ya alasiri kuelekea bustani ya Jamhuri upepo wa bahari ukivuma, ni raha na afya. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ila shirika hilo hilo linataka pia mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi, na ya mizani siku tatu au zaidi. Mzee anayetembea tu bado anaweza kushindwa kunyanyuka chooni.

Na choo chenyewe mkitazame. Ndala zilizoisha soli, sakafu yenye maji ya sabuni, kizingiti kirefu, mkeka uliojikunja pembeni, kanga inayoburuta, giza la saa nane usiku: hivyo ndivyo vinavyovunja nyonga. Mwiteni fundi afunge bomba la chuma ukutani pembeni ya choo, imara kiasi cha kubeba uzito wa mtu mzima.

Kabla ya yote hayo mpelekeni kituo cha afya apimwe presha na sukari, na dawa zake zote ziangaliwe. Zipo dawa za presha zinazoleta kizunguzungu mtu akisimama ghafla. Huyo akitoka kulala akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja mbili. Mwenye kisukari anayechoma insulini au kunywa glibenklamidi asifanye mazoezi kabla hajala, awe na kitu kitamu karibu, avae raba, na jioni nyayo zake zikaguliwe, maana ganzi inaficha vidonda. Maumivu ya kifua, pumzi kukatika isivyo kawaida, mdomo kwenda upande, mkono kulegea ghafla: acheni na mkimbizeni hospitali. Misuli kuuma kesho yake ni kawaida. Kiungo kuvimba au maumivu makali ya kuchoma si kawaida.

Mtazameni na sahani. Wazee wengi jioni wanakunywa chai na mkate, basi. Misuli haijengwi na chai. Samaki, dagaa, mayai, kunde, choroko na maziwa viwepo kila siku, isipokuwa kama ana ugonjwa wa figo; huyo aulizwe daktari wake.

Heshima ni nusu ya kazi. Mzee hasemeshwi kama mtoto mchanga. Ninaingia na shikamoo, ninamwomba ruhusa kabla ya kumshika, na akina mama nawafanyisha ndani ya dera lao, mlango umerudishwa, vijana wa kiume wakiwa nje. Bibi akiona aibu hatofanya, na atasema anaumwa ili mumwondokee.

Mkitafuta mtu wa kumlipa aje nyumbani, msimchanganye na mchuaji. Kuchuliwa kwa mafuta kunaburudisha, na sina ugomvi nako, lakini mzee aliyelala huku mwingine anatoka jasho hajajenga hata msuli mmoja. Mwenye kuijua kazi atauliza magonjwa na dawa kabla ya kugusa mtu. Atapima, ataandika, atakuwa na sababu ya kila zoezi, na baada ya wiki kadhaa ataongeza ugumu. Bei mkubaliane mapema, kwa kila ujio. Wala hamlazimiki kumwita kila siku: mpango wa Otago, uliotengenezwa New Zealand kwa ajili ya wazee walioko majumbani, ulipunguza kuanguka kwa takriban asilimia 35, na mtaalamu alikuwa akifika mara chache tu kufundisha na kuongeza, mazoezi mengine mzee anayafanya mwenyewe. Kwa hiyo kila akija, mjukuu mmoja akae pale ajifunze kumsimamia bibi yake siku zinazobaki. Mwalimu akikataa kumfundisha mtu wa nyumbani, tafuteni mwingine.