Siku tatu za chai kavu

Milioni 14. Hesabu hiyo niliiandika kwenye daftari la dukani usiku nilipokubali kwamba mzigo wa spea za pikipiki niliolipia haupo, na mtu niliyemtumia pesa hapatikani tena. Nusu ilikuwa akiba yangu, nusu mkopo. Kwa wiki kadhaa nikawa nashtuka saa tisa usiku, natoka sebuleni, nafungua daftari na kupiga hesabu ileile, kana kwamba safari hii itatoka vingine.

Lakini njaa haikutufika hata siku moja. Kilichonikondesha ni picha nilizokuwa nazo kichwani: duka limefungwa, watoto wamerudishwa kwa ada, mtaa mzima unanitazama kwa huruma. Nilikuwa nateswa na umaskini ambao bado haujanigongea mlango.

Ndipo nilipoanza kuwasoma Wastoiko, wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma. Wasomaji wa Biblia wanalijua jina hilo kutoka Matendo 17, Paulo alipokutana nao Athene. Limetokana na stoa, yaani baraza yenye nguzo kando ya soko la mji ule, ambako Zeno wa Kitio alianza kufundisha karibu mwaka 300 kabla ya Kristo. Watu wa barazani, basi. Mimi niliyekulia Tanga, nikiwasikiliza wazee wakichambua dunia barazani baada ya alasiri, sikuona ugeni wowote. Na Zeno, kama inavyosimuliwa, alikuwa mfanyabiashara. Chombo chake kilizama na shehena ya rangi ya zambarau, bidhaa ghali kweli kweli zama hizo, akaingia Athene mikono mitupu na kwenda kukaa kwenye duka la muuza vitabu. Hapo niliposoma nilirudia mara tatu. Kumbe alianza na mzigo uliopotea!

Aliyenisaidia zaidi, hata hivyo, ni Seneca wa Roma. Huyu alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa enzi yake, mshauri wa mfalme Nero, lakini kabla ya hapo aliwahi kuishi miaka minane uhamishoni kisiwani Korsika. Katika barua moja kwa rafiki yake Lucilius, iliyoandikwa Desemba wakati Roma yote iko kwenye karamu, anamshauri atenge siku chache ale chakula cha bei ya chini kabisa na avae nguo nzito za kukwaruza, kisha ajiulize: hiki ndicho nilichokuwa nakiogopa?

Nikajaribu. Siku tatu kila mwezi. Asubuhi chai kavu, bila sukari. Mchana ugali na mchicha uliochemshwa kwa chumvi. Usiku kiporo, kama kipo. Dukani kwa miguu, kilomita nne, na shati lililopauka mabegani. Siku ya kwanza mke wangu aliniuliza kwa upole, "Baba Salma, unaumwa?" Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema watoto nisiwaingize, wale kama kawaida. Alisema kweli, na nawe ukijaribu fanya hivyo. Mwenye kidonda cha tumbo au sukari asijaribu kabisa.

Siku ya pili nilikuwa njiani jua la saa tatu, nikisubiri aibu inishike. Haikuja. Hakuna aliyenitazama. Kijana mmoja wa bodaboda alisimama akanipa lifti bure, akaniteremsha mbele ya duka na kuondoka zake. Siku ya tatu, usiku, nilijiuliza lile swali la Seneca, nikalala mpaka adhana ya alfajiri iliponiamsha.

Seneca anaonya kitu kimoja ambacho nakiheshimu sana: usijione umefanya jambo kubwa, maana maelfu ya watumwa na maskini huishi hivyo kila siku. Njia ileile niliyopita napishana na mama mwenye sinia la mihogo kichwani. Yeye hana siku ya nne ya kurudi kwenye sukari. Mtu kama huyo usimpelekee falsafa, nunua mihogo yake.

Wengine huniambia haya yote ni kusema "yameandikwa" kwa maneno marefu. Sivyo. Epikteto, Mstoiko mwingine aliyezaliwa mtumwa na kuishi na mguu mbovu, alifananisha maisha na mchezo wa dado: zitakavyoanguka si juu yangu, ila kuzicheza kwa uangalifu ni kazi yangu. Mzigo kupotea ni dado. Kwenda kwa anayenidai kabla ya tarehe, nikakaa mbele yake na kumweleza ukweli, hiyo ilikuwa zamu yangu ya kucheza.

Zamu ngumu zaidi ilikuja miezi minne baadaye. Jamaa alileta maboksi ya spea za breki, feki, kwa theluthi ya bei, na maandishi ya kampuni yamepigwa vizuri hata mimi ningedanganyika. Mkopo wote ungelipika kabla ya mwaka kwisha. Nilishika moja mkononi, nikaigeuza, nikapitisha ukucha kwenye kingo zake zilizokuwa zinamomonyoka kama udongo mkavu. Kabla ya zile siku za chai kavu ningenunua, najijua. Hofu ya kuanguka ingeamua kwa niaba yangu. Ila sasa nilikwishakujua chini kukoje. Nikairudisha boksini na kumwambia sitaki.

Mkopo ulichukua miaka miwili kuisha. Yule kijana aliyenipa lifti alikuja kununua breki kwangu mwezi mmoja baada ya mimi kuzikataa zile feki, akamfungia mwanawe kofia ngumu mbele ya duka, wakaondoka kuelekea mteremkoni.