Tangazo lilikuja na mahamri

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: habari za kaunti na mipango ya eneo lako zakufikia vipi, na zikifika zakusaidia? Mie ni fundi cherehani, niko Mishomoroni, wadi ya Junda, kibanda changu kiko kando ya barabara kwa hivyo kila mtu apita kwangu na kila mtu aacha neno. Jibu langu ni kwamba habari za kaunti zanifikia zikiwa zimefungia mahamri, na sifanyi mzaha.

Mwaka juzi, mwezi wa tano, mvua ya masika ilikuwa imepiga usiku kucha na barabara yetu ishakuwa mto. Cherehani nimeiinua juu ya matofali, vitambaa vya watu nimevitundika kwa misumari juu kabisa, mie mwenyewe suruali nimekunja hadi magotini. Bibi anayetuuzia mahamri akanifungia manne kwa kipande cha gazeti, mbaazi akanitilia kwa kibakuli changu, nikaketi. Namaliza la pili ndio naona kwenye ile karatasi, katikati ya mafuta, neno MOMBASA kwa herufi kubwa. Kuisoma vizuri, kumbe ni tangazo la kaunti kuita wananchi watoe maoni juu ya makadirio ya bajeti, na chini kuna jedwali, Mvita wapi, Likoni wapi, Jomvu wapi, na Kisauni, sie, ukumbi fulani saa tatu asubuhi. Tarehe zishapita siku nane. Na lote ni Kizungu, kuanzia juu hadi chini.

Sasa nambieni. Mtu akifa hapa Mishomoroni alfajiri, saa moja haijafika kila nyumba yajua. Msikiti umetangaza, grupu za WhatsApp zishajaa, kijana wa boda ashapita kusema maziko ni baada ya adhuhuri na wapi. Hakuna anayelipwa kwa kazi hio. Lakini mkutano wa kuamua pesa za wadi nzima wapita kimya. Na si kwamba kaunti haijui kutangaza, la, 2018 wenye majumba mjini walipoambiwa wapake rangi nyeupe na buluu, ile habari ilitufikia hadi sie wenye vibanda vya mabati ambao hatukuulizwa rangi yoyote. Wakikuhitaji watakupata tu.

Basi mwaka uliofuata nikasema mie huu mkutano sikosi. Nikamuomba kijana wa jirani yangu, asoma chuo, aniangalilie kwa simu yake, na akaniambia wiki moja kabla. Siku yenyewe nikafunga kibanda, tena siku ya kazi, mashono ya harusi yananingoja, nikaenda. Saa tatu ikawa saa tano kasoro. Viti vya plastiki, maiki yapiga kelele kila mtu akiishika, karatasi ya kuandika jina na nambari ya simu yazunguka kwanza kabla ya jambo lolote, hio haikuchelewa. Kitabu cha makadirio kilikuwa kinene, nakala mbili, na sie twakaribia watu themanini. Kina mama wa nyuma hawakukiona hata jalada.

Kilipofika kwangu nikapekua kutafuta Junda, nikatafuta mtaro, nikakuta mstari umeandikwa ujenzi wa mitaro, na mahali pa wadi pameandikwa wadi mbalimbali. Mombasa ina wadi 30. Mbalimbali ndio ipi?

Nikanyoosha mkono, nikaeleza habari ya barabara yetu, maji, watoto wa madrasa kubebwa mgongoni, na nikasema twataka mtaro. Afisa alikuwa na adabu zake, sitasema uongo. Akanijibu, "Ndugu yangu, hoja yako ni nzuri, lakini leo twajadili makadirio. Mradi ambao haukuwemo kwenye mpango wa mwaka hauwezi kuingia saa hii."

Mzee mmoja pale mbele, kofia yake ya kazi, bakora mkononi, akauliza bila maiki, "Na huo mpango wa mwaka wafanywa lini, mwanangu?"

"Mwezi wa tisa, mzee."

"Haya, mwezi wa tisa huu unaokuja?"

"Uliopita, mzee."

Ukumbi ukacheka, lakini mie ndio nilielewa pale pale, na ndilo jambo ninalotaka kuwaambia nyie wa gazeti. Sie shida yetu si kukosa habari, shida ni kwamba twaletewa habari ya mwisho wa safari kana kwamba ndio mwanzo. Nikaenda kuuliza, yule kijana akanisomea sheria ya fedha za umma ya 2012, na mambo yako hivi: ule mpango wa maendeleo wa mwaka, wenyewe wauita ADP, lazima ufikishwe kwa bunge la kaunti si zaidi ya tarehe 1 mwezi wa tisa, na ni wa mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata, yaani miezi kumi mbele. Kufika tarehe 28 Februari yaja karatasi ya kugawa pesa kwa idara, afya wapate kiasi gani, barabara kiasi gani. Tarehe 30 Aprili makadirio yawe bungeni, na kufika 30 Juni yawe yamepitishwa. Na juu ya yote hayo kuna mpango mkubwa wa miaka mitano, CIDP, uliopo sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kwa hivyo wewe ukija mwezi wa tano kudai mtaro mpya, unga ushakandwa, ushaumuka, mahamri yako kwa karai yanageuzwa, ndio waja kusema ungependa yatiwe iliki.

Na mkutano wenye watu wengi ni upi? Huo wa mwezi wa tano, manake ndio unaotangazwa kwa kishindo na ndio redio zinauzungumza. Ule wa mwezi wa nane, wakati ADP inaandikwa, ambao ndio wa kutia iliki, mie nilipouliza pale mtaani nani ashawahi kuusikia, nilipata mtu mmoja, na yeye ni jamaa ya mgombea.

Halafu lugha. Katiba kifungu cha 7 yasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hapa ni Mombasa, si mahali ambapo mtu atakwambia mkalimani hakupatikana. Kitabu kizima sidai kitafsiriwe, hata mie ningelala ukurasa wa nne, lakini ukurasa mmoja wa kila wadi kwa Kiswahili, mradi gani, wapi hasa, pesa ngapi, hilo ni kazi ya siku ngapi kweli? Sheria ya serikali za kaunti, hio pia ya 2012, yataka mwananchi apate habari kwa wakati, na imetaja mpaka redio za jamii kuwa njia ya kumfikia. Imeandikwa. Kuandika wameandika vizuri.

Tena msidhani mipango ya kwetu yaishia Mombasa. Jirani yangu wa kushoto hununua maji kwa mkokoteni, mitungi ya lita 20, na akigombana na msukuma mkokoteni kuhusu bei huwa analaani kaunti, mie namwambia mama, laani polepole, manake chemchemi si yetu. Mji huu, sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333, na maji yake ya bomba yatoka Mzima huko Taita Taveta, Baricho huko Kilifi, na Marere na Tiwi upande wa Kwale. Bwawa la Mwache linalosemwa kila mwaka, hilo nalo ni Kwale. Mfereji wa Mishomoroni waamuliwa na watu wa kaunti nne, na hizo kaunti sita za Pwani zina jumuiya yao ya kukaa pamoja, lakini wakikaa sie twaona picha tu, wamesimama mstari na suti. Walichokubaliana juu ya maji hakipati hata nafasi ya kufungia mahamri.

Haya, tulichofanya. Nilinunua manila ya njano nikaandika zile tarehe nne kwa wino mzito, nikaibandika kibandani juu ya kioo, pale mtu anapojipima nguo. Watu wasoma huku wakivuta pumzi ndani tumbo lisionekane. Mwezi wa saba tukaandika barua ya mtaro, tukataja barabara kwa jina, waanzia wapi waishia wapi, watu arobaini na moja wakatia sahihi, bibi wa mahamri akatia dole gumba. Tukapeleka ofisi mbili, ya wadi na ya mjini, tukagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu, hio usisahau, barua bila muhuri ni kama hukuandika. Kimya. Ndipo kijana akasema kuna sheria ya kupata habari ya 2016, ukiomba habari ofisi ya serikali wafaa wakujibu ndani ya siku 21, na kuomba kwenyewe hakulipiwi. Tukaandika ya pili, safari hii hatuombi mtaro, twaomba ukurasa wa ADP unaotaja Junda. Jibu lilikuja siku ya kumi na tisa. Mtaro umo, na jina la barabara limo, wamekosea herufi moja lakini ndio hiyo.

Kuwemo si kuchimbwa, najua, cherehani bado iko juu ya matofali. Lakini Februari nitakuwa pale, na Aprili nitakuwa pale, na nikiambiwa "mbalimbali" nina karatasi yenye muhuri.

Kwa hivyo nyie mkiuliza habari gani zasaidia, mimi nataka toleo lenu la mwisho wa mwezi wa saba litoe tarehe na ukumbi wa kila wadi kwa Kiswahili, kabla ya mkutano si baada. Na ikishindikana kabisa, basi angalau yule bibi wa mahamri apate gazeti la siku hio hio, si la wiki mbili nyuma.