Kibaka akikamatwa, afike polisi akiwa hai

Nimeshiriki ulinzi shirikishi katika mtaa wetu wa Temeke kwa miaka kadhaa, na ushauri ninaoutoa mara nyingi zaidi ndio unaopingwa zaidi: kibaka akikamatwa, asipigwe. Wengi hudhani ni huruma tu, ilhali ninachokitazama ni usalama wa sisi tunaobaki mtaani. Wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka jioni ya Januari 2015, maduka yalipofungwa ghafla na watu wakakimbilia majumbani kwa hofu ya Panya Road, makundi ya vijana waporaji. Polisi walieleza kuwa chanzo cha taharuki ile ni vijana waliokuwa wakitoka kumzika mwenzao, aliyeuawa na wananchi kwa tuhuma za wizi. Kipigo kile hakikumaliza uhalifu, bali kiliwapa wenzake sababu ya kulipiza kisasi.

Kinachoamua ni dakika za mwanzo, kabla mawe hayajaokotwa. Mkalisheni mtuhumiwa chini, mwiteni mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mmoja wenu apige 112. Nimeona mara nyingi kwamba mama mtu mzima anayefahamika, hata akiwa mama lishe wa jirani, husikilizwa haraka kuliko sisi wenye virungu. Basi msimsukume pembeni anapotaka kusema. Aliyejeruhiwa, awe mwizi au aliyeibiwa, asaidiwe kupata PF3, fomu ya polisi ya matibabu, na kufikishwa hospitali.

Kwa kijana anayetembea usiku, sina mengi. Simu isitolewe kando ya barabara, kwa kuwa waporaji wa pikipiki hupita upande huohuo. Na ukitolewa panga, toa simu. Namba ya utambulisho wa simu, ambayo huonekana ukibonyeza *#06#, iandike na uihifadhi nyumbani, maana utaihitaji polisi. Nalisema jingine nikijua litawaudhi baadhi ya marafiki zangu: anayenunua simu ya bei ya kutupa isiyo na risiti ndiye mteja anayemfanya kibaka arudi barabarani kesho.

Kazi kubwa zaidi, hata hivyo, iko kwa wavulana waliomaliza darasa la saba au kidato cha nne na kubaki maskani bila shughuli. Wengi wao hawajafika miaka 18, yaani kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 bado ni watoto, ingawa mtaa huwaita wahuni. Timu ya mpira ni jambo jema, lakini mpira huisha magharibi, nayo matatizo yetu huanza baada ya isha. Nilichokiona kikifaa ni fundi wa gereji au wa kuchomelea anayekubali kumpokea kijana mmoja, akamlisha mchana na kumpa nauli, huku mzazi akijikusanya polepole apate ada ya chuo cha ufundi kama VETA Chang'ombe. Kijana mwenye bosi anayemsubiri saa moja asubuhi hulala mapema, na akikosekana kazini yupo wa kuuliza alipo. Mkutano wa mtaa ukijadili michango ya walinzi, ombeni pia mafundi watajwe kwa majina, na kila mmoja aseme ana nafasi ya vijana wangapi.