Mnazi hauchanjwi

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mjumbe wa mtaa mmoja huku Kigamboni, na mtaa wetu una minazi mingi tuliyoachiwa na wazee. Tumesikia kuna chonga (yule mdudu mweusi mwenye pembe) wa kigeni kutoka Asia anayemaliza minazi kwenye visiwa vya watu. Amekuja fundi anasema atachanja kila mnazi: anatoboa shina kwa drili, anatia dawa, anaziba, na mdudu akija hataugusa. Anataka shilingi 15,000 kwa mnazi mmoja. Wananchi wameanza kuchanga. Je, ni dawa gani nzuri tumwambie atumie?

Jibu: Marahaba, mjumbe. Simamisheni huo mchango leo. Dawa nzuri ya kuwaambieni haipo, kwa sababu mnazi unaoliwa nazi zake hauchanjwi. Swali hili naletewa kila mara, na kila mara fundi ameshafika kabla yangu.

Tuanze na tundu lenyewe. Mwembe ukiutoboa, chini ya gome kuna utando hai unaotengeneza mbao mpya, na baada ya muda kidonda kinajifunga. Mnazi hauna utando huo. Ukiutoboa leo, tundu linabaki mpaka mti ufe. Tazameni mnazi wowote wa zamani wenye vidato vya wakwezi: vimechongwa kabla hamjazaliwa na mpaka leo mguu unaingia. Tundu bichi nalo linatoa harufu ya utomvu, na harufu hiyo inamwita mdudu mwingine kabisa, yule mweusi mwenye mdomo mrefu kama mkonga, ambaye yuko Afrika tangu zamani. Anataga kwenye kidonda, na mabuu yake yanakula ndani kwa ndani bila mtu kujua. Mnazi una moyo mmoja tu, kule kileleni. Ukishaliwa au kuoza, hakuna tawi la pembeni litakalochipua. Kwa hiyo mnamlipa mtu amfungulie mlango muuaji aliyepo, kwa hofu ya mgeni ambaye hamjamwona.

Halafu kuna madafu. Sumu inayopanda ndani ya mti hadi kwenye makuti machanga inaweza kuingia hata kwenye nazi. Nani atawazuia watoto wasiangue dafu wiki ijayo? Tena madafu ya Kigamboni hayaishii Kigamboni. Yanavuka na pantoni asubuhi, yanapangwa kwenye baiskeli, na mtu wa Posta anampa mgonjwa wake anywe akiamini hakuna maji safi kuliko hayo. Mwulizeni fundi jina la dawa yake na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka inayosimamia viuatilifu nchini. Ninaowauliza mimi hunionyesha chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa kitu cha kahawia.

Lakini kosa linaloniumiza zaidi ni kudhani kwamba chonga anaishi kwenye mnazi. Kule juu anakwenda kula tu. Chonga mzima huruka usiku, hutoboa makuti ambayo bado hayajakunjuka, akafyonza utomvu, akaondoka. Ndiyo maana kuti likifunguka mnaliona limekatwa kama kwa mkasi, umbo la V. Mayai na mabuu kwa kawaida yako chini: kwenye gogo la mnazi linalooza, lundo la samadi, maranda yaliyotolewa banda la kuku, majani yaliyorundikwa nyuma ya ua. Huko buu analelewa kwa miezi. Mnaweza kutia sumu kila mnazi wa mtaa, na lundo moja nyuma ya zizi la jirani likaendelea kutoa chonga wapya.

Huyo wa Asia ni ndugu wa chonga wetu wa asili na anazaliana vivyo hivyo. Alifika Samoa, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, mwaka 1909 pamoja na miche ya mpira. Katika miaka ya 1960 watafiti walipata kirusi kinachomdhoofisha na kumuua, na kikasaidia sana visiwani. Kisha mwaka 2007 akaonekana Guam, kisiwa kingine cha huko, na kirusi kile hakikufua dafu mbele yake. Mwaka 2015 kimbunga Dolphin kikaangusha miti mingi Guam, magogo na majani yakalala yakioza, na chonga wakafurika. Upande wetu wa bahari ameshafika Mauritius.

Sasa nyinyi mna magogo mangapi? Pwani yetu ina ugonjwa unaoua minazi, ambao watafiti wa kituo cha kilimo cha Mikocheni wamehangaika nao miaka mingi: nazi changa zinapukutika, makole yanakuwa meusi, makuti yanageuka manjano kuanzia ya chini, mwisho kichwa kinaanguka unabaki mlingoti. Huo si chonga, na dawa hauna. Ila mlingoti ule ukiachwa uoze, ndio wodi ya uzazi ya chonga. Kateni. Shina gumu lipasulieni mbao, linalobaki lichanjeni vipande kama kuni, likauke, lichomwe. Malundo ya samadi yapelekwe shambani mapema, na yanayobaki yapinduliwe mara kwa mara. Mabuu meupe yaliyojikunja wapeni kuku. Kwa miche na minazi mifupi inayofikika, waya wenye ndoano wa kumvutia chonga nje ya tundu alilotoboa mwenyewe unatosha, mradi mkono uwe mwepesi usiguse moyo.

Muwe macho na viroba. Samadi na udongo wa maua vinavyouzwa kando ya barabara hubeba mabuu bila muuzaji kujua, na huko Hawaii, ambako chonga wa Asia aligunduliwa mwaka 2013, mboji ni moja ya njia anazosambaa nazo. Kimwageni kiroba juu ya turubai na mkichambue kabla hakijaingia mtaani.

Mkimkamata chonga, msijaribu kumtambua kwa macho. Wa Asia na wa kwetu wote ni weusi na wana pembe moja. Mtieni kwenye kichupa chenye spiriti, andikeni tarehe na mahali, mumpe afisa ugani wa kata ampeleke kwa wataalamu.

Na msifikiri ni fundi huyo tu. Yupo anayemimina oili chafu kwenye kilele, yupo wa mafuta ya taa, yupo wa misumari ya shaba, na wengine wameshahamia kwenye miembe na mipapai. Wote wanafika pale watu wanapokuwa na hofu, wanataka fedha taslimu, na mti ukifa mwaka unaofuata simu haipokelewi.

Fedha mlizokwisha kuchanga msizirudishe. Kodini msumeno wa mashine Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, na muanze na ile milingoti iliyokufa.