Silewi, Lakini Kila Jioni Nipo Baa

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, shikamoo. Kila nikitoka kazini napitia baa, napiga bia tatu, naenda nyumbani. Silewi, sigombani na mtu, kazini sijawahi kuchelewa. Shemeji yako anasema nipunguze. Kuna haja kweli?"

Marahaba mdogo wangu. Nilikujibu kwa kifupi, ila swali lako limegoma kunitoka kichwani, maana miaka ile ungeniuliza mimi ningekujibu maneno hayohayo: silewi, sigombani na mtu.

Nilikuwa nakaa Kimara, Dar es Salaam, kazi yangu Posta, katikati ya mji. Anayeikumbuka Morogoro Road ya jioni kabla ya mwendokasi hahitaji kusimuliwa. Unatoka ofisini saa kumi na moja, saa mbili usiku bado uko Ubungo umesimama kwenye daladala, jasho la mwenzako linakuishia begani. Kwa hiyo tukawa tunashuka Shekilango, tunaingia Sinza, tunakaa mpaka foleni ipungue. Foleni ikipungua saa mbili, sisi saa nne bado tupo. Kila mtu mezani aliamini yuko pale kwa sababu ya foleni, na mimi niliamini kuliko wote.

Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza. Likawapo basi la kunichukua Posta na kunifikisha Kimara bila kugusa foleni. Nikawa nalipanda, halafu nashuka Shekilango. Kisingizio kiliondoka, mimi nikabaki.

Meza yetu ilikuwa karibu na jiko la mishkaki. Dada aliyekuwa anatuhudumia hakuwa na haja ya kuniuliza chochote. Akiniona naingia getini tu anachukua Safari ya moto, anaipangusa vumbi kwa kitambaa, anaiweka mbele ya kiti changu na opena juu ya kizibo. Jioni moja kichwa kilikuwa kinaniuma tangu mchana, nikaingia nikiwa nataka soda. Kufika mezani, bia imeshanitangulia. Nikainywa. Sikuwa na hamu nayo hata kidogo, na nikainywa yote, na ya pili ikaja. Nikiwa njiani kurudi nyumbani nikajiuliza: ile bia ameiagiza nani?

Ndugu yangu, hilo ndilo swali lako pia. Achana na habari ya kulewa. Mtu mwenye mwili uliozoea halewi kwa tatu, na kuzoea huko hakumaanishi ini lake limepumzika. Jiulize ni nani anayeamua ikifika saa kumi na mbili jioni.

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu najua wewe ni mtu wa hesabu. Chupa zetu ni mililita 500. Bia ya asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi chenyewe, karibu gramu 20. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 linaloitwa AUDIT, na kwenye dodoso hilo kinywaji kimoja ni gramu 10. Maana yake bia zako tatu ni vinywaji sita. Haya, jibu maswali matatu ya mwanzo. Unakunywa mara ngapi? Mara nne au zaidi kwa wiki: alama 4. Ukikaa, unakunywa vingapi? Sita: alama 2. Ni mara ngapi unafikisha sita kwa mkao mmoja? Karibu kila siku: alama 4. Jumla 10. Daktari anaanza kukuangalia kwa jicho jingine kuanzia 8, na wewe umeshazipita kabla hujafika swali la nne. Wa konyagi ya asilimia 35 wajipigie wenyewe. Dada zangu wa glasi za mvinyo baada ya watoto kulala, hesabu inawahusu pia.

Na usingizi? Pombe inakulaza haraka, kisha ini likishaichoma usingizi wa nusu ya pili ya usiku unakatikakatika. Nilikuwa naamka saa tisa usiku, koo kavu, moyo unadunda kama nimekimbizwa. Nilidhani ni mawazo ya kazi. Presha nayo ilikuwa juu, nikadhani ni ya kurithi kwa mama. Pombe ya kila siku inapandisha presha. Hilo nililisikia kwa daktari nikiwa na umri wa kutosha kulijua.

Nilijaribu kwanza kupunguza nikiwa palepale mezani. Haiwezekani, nakwambia. Meza ya watu watano, kila mmoja akitoa ofa raundi moja, umeshapewa nne na hujagusa mfuko wako. Ukikataa ofa umemdharau mtu. Mimi niliihama ile saa ya baa. Nilikuwa na kiwanja Kibamba, tofali zimefyatuliwa zinasubiri maji. Nikawa napitiliza Kimara, naunganisha gari hadi saiti, nakunja suruali, namwagilia tofali mpaka giza linaingia. Nikirudi nyumbani nina njaa, nakula, nalala. Miezi ya katikati siisimulii, ilikuwa ya kawaida tu.

Bia ikiwa shilingi 2,500, tatu kwa siku ni 7,500, kwa mwezi 225,000, bado ofa na mishkaki. Wewe unayesoma hapa najua una msingi umesimama mahali, au unataka kuuanza. Mimi nyumba nimepaua. Nasema kwa sauti kwa sababu kuna watu waliosema sitaweza.

Na hao watu ndio bado wananiuma. Walisema nimekaliwa na mke. Wengine wakasema nimeokoka, kana kwamba ni tusi. Kuna mmoja tulikaa bega kwa bega miaka mingi, nimemlipia bili asizokumbuka. Nilipofiwa na baba hakuja msibani, hakupiga simu, na namba yangu anayo. Vijana, sikilizeni: baa inakupa watu wa kukaa nao, ndugu ni habari nyingine. Watoto wako wanakufahamu kwa harufu ya usiku au kwa sura ya jioni? Jibu hilo kabla hujanijibu mimi.

Siku hizi nakunywa Jumamosi, mbili, nyumbani kwangu, basi. Wewe uliyeniandikia, usianze na kupunguza. Anza na mwezi mzima bila tone, halafu ndiyo uamue. Hama ile saa ya kumi na mbili. Kula mapema. Usipite njia ya baa. Narudia: hama ile saa. Mwezi ukipita bila shida, chagua siku zako na kiasi chako, umwambie na shemeji. Ukikushinda wiki ya kwanza, basi shemeji alikuwa amekuona kabla hujajiona, na cha kufanya si kupunguza tena, ni kuacha.

Ila kuna kundi ambalo ushauri huu wa mwezi mkavu siwapi. Kama asubuhi mikono inatetemeka, unatoka jasho, na hutulii mpaka uzimue, usiache ghafla ukiwa peke yako. Mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa kwa mara moja unaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na watu hufa hivyo. Nenda hospitali, umtajie daktari kiasi kamili unachokunywa bila kukipunguza, apate kukupa dawa za kukushusha salama.